Kitambaa cha Kuchujia Mapungate

Mama yangu alifariki Ijumaa, tarehe 11 Oktoba, saa nne asubuhi, katika nyumba yetu ya Bagara. Ulikuwa ule mwaka ambao Babati ilifanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara. Mimi nilikuwa na miaka kumi, niko darasa la tatu. Nimeanza na tarehe kwa sababu wengine wakisimulia habari za mama zao huanza na sura au sauti, na mimi vitu hivyo vimeshanipungukia. Tarehe sijaisahau.

Kitu kingine ambacho sijakisahau ni harufu ya mapungate yakichemka. Mwezi uliopita nilikuwa napita nyuma ya nyumba ya jirani yangu, nikaisikia, nikasimama palepale. Si harufu ya tunda hasa. Inafanana na tikiti maji lililopasuliwa karibu na majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi, halafu utamu unakuja nyuma yake polepole. Nilisimama mpaka jirani akatoka jikoni.

"Mama Eliza, umepoteza nini hapo?"

Nikamwambia namtafuta kuku wangu. Sina kuku. Niliingia ndani kwangu, nikakaa kitandani, na hapo ndipo nilipoamua kuyaandika haya, ingawa shule niliishia darasa la saba na mkono wangu si mwepesi.

Kwa asiyeujua, mpungate ni ule mmea wenye majani manene bapa, yenye miiba, ambao watu wa kwetu huupanda kuwa ua wa boma. Matunda yake hukaa juu ya ukingo wa jani, yamepangana kama vidole, na yakiiva huwa mekundu ya kukaribia zambarau. Miiba mirefu si ya kuogopa, kwa sababu unaiona. Cha kuogopa ni vinywele. Kila tunda lina vidoa vidoa, na kila kidoa kina vinywele vya miiba ambavyo havionekani mpaka vimeshakuingia. Kikikuingia kwenye kidole utakisikia siku nne, na ukikitafuta hukioni.

Bibi, mama yake Mama, alikuja kutoka Sigino mwezi wa nane, Mama aliposhindwa kubeba ndoo ya maji. Baba alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Bibi alikuja na kikapu, blanketi, na kipande cha kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara nyingi mpaka kikawa laini, lakini kimeshikana, huoni mwanga ukipita. Kilikuwa kitambaa chake cha kuchujia. Alipokuwa msichana alipika kwa masista wa misheni, na huko ndiko alikojifunza kutengeneza kitu walichokiita jeli. Sisi tuliita jamu ya Bibi. Ilikuwa haina vipande wala mbegu, unaweza kuona kijiko ndani yake, na ukiiweka mdomoni inayeyuka yenyewe bila kutafunwa.

Hilo la kutotafuna ndilo lililokuwa kubwa. Mama alikuwa na vidonda mdomoni, vyeupe, ulimi mzima mpaka kooni. Ugali ulikuwa umemshinda, wali umemshinda, hata uji aliumeza amefumba macho kama anameza mawe. Siku Bibi alipofika alimtazama mwanawe mdomoni kwa muda mrefu, akafunga kikapu chake, akaniambia, "Kesho alfajiri tunakwenda kwangu Sigino. Ukivaa viatu vya shule nitakurudisha."

Tulikwenda alfajiri kwa sababu ya umande. Umande huvilaza vinywele. Jua likishapanda vinakauka, na upepo ukipita vinaruka, unavikuta machoni. Bibi alichuma kwa mti uliopasuliwa ncha, anashika tunda, anazungusha, anatia kwenye ndoo, mkono wake haugusi. Kwa kila matunda kumi yaliyoiva alichuma matatu yenye ubichi, akasema yaliyoiva huleta utamu na mabichi ndiyo yanayoishikisha jamu. Kisha tuliyamwaga chini kwenye mchanga na kuyafagia kwa fagio la majani, huku na huku, upepo ukiwa mgongoni kwetu.

Nilikuwa nafagia kwa ncha za vidole.

"Fagia kama mtu," Bibi akasema. "Au unafikiri mkoa umeletwa ili wewe usichafuke? Hata huyo mkuu wa mkoa akija hapa akala bila kufagia, atalia mbele ya askari wake."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilikaa juu ya pungate. Nirudie kusema kwamba yanaumiza.

Nyumbani Bibi aliyakata, akayachemsha na maji kidogo, akayaponda kwa mwiko. Halafu alikunja kile kitambaa mara mbili, akakifunga kwenye miguu ya kigoda kilichopinduliwa, akaweka beseni chini, akamimina. Hapo kazi ikasimama. Juisi ilidondoka tone moja moja. Nilitaka kukamua.

"Usikamue!" alisema Bibi. "Ukikamua unavisukuma vinywele vipite. Kiache. Kina kazi yake."

Tulikiacha kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Mama alikuwa ameletwa kwenye mkeka mlangoni ili apate jua, na alikuwa anatutazama. Siku ile alikuwa na nguvu. Bibi alipoweka juisi motoni pamoja na sukari na maji ya limau, akanipa mimi mwiko nikoroge, Mama alisema, "Mama, unamfundisha mtoto kazi ya masista. Akiwa sista mimi nitapata wapi wajukuu?"

"Huyu?" Bibi akajibu. "Na huo mdomo? Watamrudisha kabla ya chakula cha mchana."

Mama alicheka, akashika shavu kwa sababu kucheka kulimuuma. Bibi alidondosha tone la jamu kwenye sahani ya bati, akalisubiri lipoe, akalisukuma kwa kidole. Liliposhikana na kukunjamana kidogo kama ngozi ya maziwa, akaepua. Jioni ile Mama alikula kikombe kizima. Alikula polepole, bila kufumba macho. Bibi alikaa miguuni pake, na alipoona kikombe kimeisha alisema, si kwangu, alijisemea tu: "Akila, atasimama."

Mimi niliyachukua maneno hayo kama ahadi. Sikuwa na sababu ya kuyachukua vingine. Bibi alikuwa mtu aliyesema mvua haitanyesha na haikunyesha.

Tulipika mara tatu mwezi wa tisa. Sukari na limau nilikuwa nachukua dukani kwa Mama Zuhura, mtaa wa pili. Mama Zuhura alikuwa Mwislamu, mnene, mcheshi, na alizaliwa hapahapa Babati, ingawa babu yake alitoka pwani. Nikifika alianza kabla sijafungua mdomo.

"Paska! Mama anaendeleaje?"

"Shikamoo. Anaendelea vizuri."

"Marahaba. Vizuri vipi? Anakula?"

"Anakula jamu."

"Basi mwambie akinenepa asije kuchukua nguo zangu." Na alikuwa ananifungia sukari zaidi ya niliyotumwa, bila kusema kitu.

Mwezi wa kumi ulipoingia, Mama alipungua. Hakuletwa tena mlangoni. Jamu ya mwisho iliisha Jumapili, na Jumatatu hakula kitu, alilowesha midomo tu. Jumanne asubuhi Bibi alikuwa ameshachemsha mapungate na kuyaponda ilipokuja habari kwamba ng'ombe wake wameingia shamba la mtu kule Sigino. Ilimbidi aende. Aliniambia nisiende shule, nikae na Mama, nimimine mapungate kwenye kitambaa yakishapoa, niyaache yadondoke, naye angerudi alasiri kupika.

Hapa nataka nieleze sawasawa. Kwa miaka mingi, nilipojisimulia habari hii, nilisema kitambaa kilikuwa kimefuliwa, kimelowa. Hakikuwa kimelowa. Kilikuwa kikavu, kimekunjwa, kiko juu ya kabati, na nilikiona. Nilikuwa nimekwenda kumtazama Mama, nikamkuta amelala na midomo imepasuka, na nikahesabu saa za kudondoka mpaka alasiri nikaona ni nyingi mno. Hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili ni kwamba nilitaka Bibi arudi akute Mama ameshakula, ili isemwe kwamba Paska ndiye aliyemlisha. Nilitaka kusifiwa. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua ninachokitaka.

Kulikuwa na chandarua cha zamani, kimechanika, kimewekwa kwenye kona ya chumba. Nilikata kipande, nikakifua kwa sabuni, kwa sababu nilikuwa mtoto safi, nikakifunga kwenye miguu ya kigoda. Juisi ilipita kama maji ya bomba. Na nilikamua. Nilikamua kwa mikono miwili mpaka kipande kikabaki na mbegu tupu, na nilijiona mwerevu kuliko Bibi na masista wake wote.

Nikapika. Nilikoroga bila kuacha, nikadondosha tone kwenye sahani ya bati, nikalisukuma. Ilishika vizuri. Rangi ilikuwa nzito kidogo, haionyeshi kijiko, lakini nilijiambia hiyo ndiyo nzuri zaidi. Nikapoza kwa kuweka kikombe ndani ya maji baridi. Kuonja sikuonja. Tangu mwezi wa nane nilikuwa nimejikataza kuigusa jamu ya Mama, hata kulamba mwiko.

Nilimwinua Mama kwa mto, nikampa kijiko cha kwanza.

Alikaa nacho mdomoni. Macho yake yalijaa maji. Nilimuuliza, "Tamu?"

Alimeza. Akasema, "Tamu. Nani amepika?"

"Mimi. Peke yangu."

Alinitazama. Kuhusu kutazamwa kule nimefikiria zaidi kuliko kitu kingine chochote maishani mwangu. Kisha akafungua mdomo tena. Nilimpa cha pili, cha tatu, mpaka sita. Machozi yalikuwa yanashuka na mimi nilikuwa nayafuta kwa kiganja, nikiamini ni ya furaha, maana nilikuwa nimesikia kwamba watu wazima hulia kwa furaha na sikuwa nimewahi kuona. Baada ya cha sita aliinua kidole, maana yake basi.

Bibi alirudi alasiri, miguu imejaa vumbi. Nilimkimbilia mlangoni, nikamwambia Mama ameshakula. Alifurahi kweli. Alichukua mwiko kwenye sufuria akaulamba, na nikamwona amesita. Alitema kwenye kiganja, akaenda nacho kwenye mwanga.

"Umechujia nini?"

"Kitambaa."

"Kitambaa kipi?"

"Chako."

Hakuniuliza tena. Aliona kipande cha chandarua kwenye beseni, chekundu. Aliingia chumbani akafungua dirisha lote, akamshika Mama kidevu.

"Fungua mdomo, mwanangu."

Kwetu mtu akiingiwa na vinywele vya pungate mkononi, unambandika tonge la ugali uliopoa, unabonyeza, unavuta, na vingine vinatoka nalo. Bibi alifanya hivyo mdomoni. Tonge moja kwa midomo, jingine kwa ulimi, juu ya vile vidonda. Aliniagiza nilete ugali wa jana na maji, nilileta, na nilisimama pale nikiona. Mama hakupiga kelele. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda.

Bibi alisema bila kugeuka, "Kwa nini ulikula? Ulisikia kijiko cha kwanza. Kwa nini uliendelea?"

Mama alijibu kwa shida, tonge likiwa limetoka, "Alikuwa ananitazama."

Nilisikia maneno hayo, nikayaelewa vibaya. Nilielewa kwamba nilimlazimisha kwa macho yangu.

Sikupigwa. Nilikaa uani nikimsubiri Bibi aje na fimbo na hakuja. Alipotoka alikaa karibu yangu, akachukua mkono wangu akaugeuza, akaona vidole vyangu vimevimba kwa kukamua, akaanza kuvibandika ugali kimoja kimoja. Kama angenipiga ningelia yakaisha.

Tangu siku ile Mama hakula. Alhamisi Bibi alipika tena, kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, nami nilikaa mbele ya kigoda tangu asubuhi mpaka alasiri, nikitazama matone, sikugusa kitu. Jamu ile ilitoka safi kuliko zote. Ukiiinua kwenye mwanga ulikuwa unaona vidole vyako upande wa pili.

Mambo mengine niliyajua baadaye sana. Ugonjwa wa Mama ulikuwa UKIMWI. Naandika hivyo kwa sababu wakati ule hakuna aliyelitamka jina lake, walisema anaumwa kifua, na mimi shuleni nilisema kifua. Nilipokuwa na mwanangu kliniki, nilimuuliza nesi mmoja kuhusu vile vidonda. Aliniambia ni fangasi, na mgonjwa akifikia pale hata maji humkwaruza, siku zake zinakuwa zimebaki chache, ale asile. Nilimweleza kuhusu miiba. Alisema, "Dada, miiba haikumuua mama yako." Nilimshukuru. Lakini sikumuuliza iliuma kiasi gani. Hilo sihitaji kuuliza. Nimewahi kuingiwa na kinywele kimoja ulimini, sina kidonda chochote, na sikuweza kusema siku nzima. Yeye alikula vijiko sita. Sasa nina mtoto anayeniletea chai aliyoipika mwenyewe, yenye chumvi badala ya sukari, anasimama kunitazama, na naimaliza. Chai ya chumvi haiumi. Najua tofauti iko wapi, ndiyo maana siwezi kusema kwamba nimetulia.

Asubuhi ya Ijumaa Bibi alikwenda kuchota maji. Nilimpelekea Mama kikombe cha ile jamu safi. Alikuwa macho. Nilimwonyesha kijiko kwenye mwanga wa dirisha ili aone hakuna kitu ndani.

Akasema, "Onja wewe kwanza."

Nilijua ameniogopa. Mama yangu mwenyewe ameogopa mkono wangu, na nilistahili. Nilionja kijiko cha kwanza, tangu mwezi wa nane. Sikuwa najua ni tamu kiasi kile.

"Ina miiba?"

"Haina, Mama."

"Kula kingine."

Nikala kingine. Aliendelea kunitazama mdomoni, namna Bibi alivyokuwa akimtazama yeye, na kila nikiacha alisema, "Endelea." Nilidhani ananipima bado, anataka kuhakikisha. Sikujua kwamba hakuwa na nia ya kula, wala hakuweza tena. Alikuwa anataka kuniona nakula. Nilikula chote nikiwa na hofu na aibu, nikafika chini, nikakwangua.

"Kimeisha," nikasema.

"Haya," akasema. "Vizuri."

Akageuza uso kwenye ukuta. Nilikaa. Bibi aliporudi alitua ndoo mlangoni, akaja akaweka mkono kwenye shavu la Mama, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa nikimbie kwa Mama Zuhura nimwambie aje.

Nilikimbia. Dukani kulikuwa na wateja wawili. Mama Zuhura aliniona, akaanza kama kawaida yake, "Paska! Mama ana..." halafu akaacha. Nilikuwa bado nimeshika kijiko, na mdomo wangu wote ulikuwa mwekundu mpaka kidevuni. Alizunguka meza, akainama, akanifuta mdomo kwa pembe ya mtandio wake, polepole, akarudia tena mpaka ukawa safi. Kisha akawaambia wale wateja watoke, akafunga duka, akanishika mkono.